Tone la Damu ya Kisigino

Mtoto mwenye ugonjwa wa kurithi wa umetaboli mara nyingi huzaliwa mzima kabisa. Tumboni, kondo la nyuma lilikuwa likimwondolea sumu. Akishaanza kunyonya, mwili wake unapaswa kuyavunjavunja maziwa wenyewe, na kama kimeng'enya kimoja tu hakifanyi kazi, kilichotakiwa kuvunjwa kinarundikana kwenye damu, ini na ubongo. Siku ya tatu au ya nne anagoma titi, analegea, degedege linaanza. Kituoni anaanzishiwa antibayotiki, na ni sawa, maana maambukizi ndiyo mengi zaidi. Akifariki, watu wanasema karogwa, au mkamwana anaulizwa kwao kuna nini.

Kwao hakuna cha ajabu. Mengi ya magonjwa haya hurithiwa pande zote mbili: baba na mama, wote wenye afya njema, kila mmoja amebeba hitilafu moja, na kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto mgonjwa.

Moja moja ni adimu, isipokuwa upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ulioenea kwenye maeneo ya malaria kama mwambao wetu huu wa Ziwa Victoria. Hushika zaidi wavulana, na huweza kumletea kichanga umanjano mkali unaoharibu ubongo. Nguo zilizohifadhiwa na vile vidonge vyeupe vya nafthalini vya kufukuzia mende asivishwe. Mvuke wake tu unaweza kuzivunja chembe nyekundu za damu yake.

Je, ili kuyagundua mapema, Musoma inahitaji maabara mpya? Sidhani. Mwaka 1963 Robert Guthrie wa Marekani alionyesha kwamba tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi linatosha kugundua fenilketonuria, mojawapo ya magonjwa haya. Karatasi ya aina hiyo tunayo: ni ile DBS, ya kukaushia tone la damu, inayotumika wiki ya sita kupimia VVU watoto waliozaliwa na akina mama wenye virusi. Nesi anachoma kisigino pembeni, si katikati, anafuta tone la kwanza, anajaza viduara, kisha anaianika mahali pasipo jua hadi ikauke. Katika utafiti uliochapishwa 2020, wataalamu wa Bugando, Mwanza, walizitumia karatasi hizo, zipatazo 17,000 kutoka kaskazini-magharibi mwa nchi, kupima selimundu. Mtoto 1 kati ya 5 alikuwa amebeba kinasaba cha ugonjwa huo, na zaidi kidogo ya 1 kati ya 100 alikuwa mgonjwa.

Lakini karatasi ya wiki ya sita haimfai mwenye galaktosemia, ambaye maziwa ya mama yenyewe ndiyo yanamdhuru. Huyo apimwe siku za mwanzo, anapopata chanjo ya BCG. Tena kupima kusikofuatiwa na tiba naona ni ukatili. Maziwa maalumu ya fenilketonuria ni ghali mno, nisingeanzia huko. Ningeanza na selimundu na G6PD, kisha niongeze kadiri dawa zinavyopatikana.

Kuna la kufanya leo leo. Kichanga yeyote aliyelegea apimwe sukari. Ikiwa chini, apewe glukosi ya asilimia 10 kabla gari halijaondoka Butiama au Bunda kwenda hospitali ya rufaa pale Kwangwa, Musoma. Na wewe mama uliyewahi kupoteza mtoto katika wiki yake ya kwanza, mwambie nesi siku ya kwanza unapohudhuria kliniki. Usingoje kuulizwa.