Si Kila Mgongo Unaouma Ni wa Jembe

Mvua za kwanza zikishashika, kati ya Oktoba na Novemba, wilaya za Kibondo na Kasulu nzima huinama. Maharage hayangoji, mahindi hayangoji. Haupiti muda foleni za zahanati zinajaa malalamiko yale yale: kiuno kinakata, mgongo umekaza, sitoki kitandani mpaka nigeukie ubavu kwanza. Na sababu huitaja mgonjwa mwenyewe kabla hajaulizwa: "Ni jembe tu, daktari."

Mara nyingi anasema kweli. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, katika kila watu kumi wenye maumivu ya kiuno, tisa hivi hawana ugonjwa mahususi wa kuoneshewa kidole. Shida ni yule wa kumi. Naye huambiwa ni jembe, hupewa diklofenaki, hurudi shambani, na siku akija tena hatembei bila kushikwa mkono. Huyu ndiye aliyenifanya niandike, lakini hatumjui mpaka tuwajue wale tisa, na hao hatuwajui bila kuufungua mgongo wenyewe.

Mtoto huzaliwa na pingili 33. Saba ni za shingo, 12 zimeshika mbavu, tano ni za kiuno. Tano zinazofuata huungana ukubwani zikawa mfupa mmoja katikati ya nyonga, na zile nne ndogo za mwisho hufanya kifandugu. Pingili za kiuno ndizo nene kuliko zote, kwa kuwa zinabeba kila kilicho juu yake, pamoja na dumu la maji la lita 20 lililoko kichwani.

Kati ya pingili na pingili kuna diski. Zote ni 23. Nje diski imezungukwa na tabaka za nyuzi ngumu zilizopishana, ndani ina ute mzito wenye maji mengi. Ukubwani haina mishipa ya damu ya kutosha kuitwa ya kwake: maji na chakula huipenyea kutoka kwenye pingili za jirani. Mchana kutwa, uzito wa mwili huyakamua maji hayo. Usiku ukilala hurudi. Ndiyo maana mtu mzima huwa mfupi kidogo jioni kuliko alivyoamka asubuhi.

Nyuma ya pingili na diski kuna mfereji wa mfupa, na ndani yake umepita ugwe mgongo, yaani kamba nene ya neva inayoshuka kutoka kwenye ubongo. Jozi 31 za neva hutoka humo kwenda mikononi, kifuani na miguuni. Ugwe wenyewe haufiki chini kabisa. Kwa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, kisha hubaki shada la neva ambalo madaktari wamelipa jina la mkia wa farasi. Mfereji huu hauna nafasi ya ziada. Kitu chochote kikiingia humo, iwe usaha, diski au kipande cha mfupa, ni neva zinazobanwa.

Sasa turudi shambani. Alf Nachemson, daktari wa mifupa wa Sweden, alipima mgandamizo ndani ya diski za watu walio hai kwa kuzichoma sindano yenye kipimo. Ukiuita mgandamizo wa mtu aliyesimama wima 100, wa aliyelala chali ulikuwa 25, wa aliyesimama ameinama 150, na wa aliyeinama akiwa na mzigo mikononi 220. Mwenye kupalilia maharage tangu alfajiri hadi saa sita anaishi kwenye hizo 150, na misuli miwili mirefu iliyoko kando ya uti wa mgongo ndiyo inayomzuia asianguke kifudifudi. Misuli hiyo huchoka na kukaza, na huuma. Hakuna kilichovunjika.

Mpini nao una neno lake. Mwaka 1975 jimbo la California, Marekani, lilipiga marufuku jembe la mpini mfupi kwa sababu lilikuwa likiharibu migongo ya vibarua wa mashambani, wengi wao kutoka Mexico. Wenye mashamba walisema mazao yataharibika, lakini mpini mrefu ukaingia na kilimo kikaendelea. Kwa kuchimbua ardhi ngumu sijui mtu atakayekubali kubadili jembe lake, ila kwa palizi nashauri mpini mrefu bila kusita. Pia kubadilishana kazi kila baada ya muda, huyu apalilie, yule akusanye magugu, ni tiba isiyouzwa popote.

Kinachowaogopesha wengi kuliko maumivu yenyewe ni picha ya eksirei. Mtu anatoka hospitali na bahasha, akifika nyumbani anatangaza kwamba pingili zimesagika. Kuanzia hapo hainui ndoo wala halimi, na moyoni ameshajihesabu mlemavu. Mwaka 2015 watafiti wakiongozwa na Waleed Brinjikji wa Mayo Clinic, Marekani, walikusanya matokeo ya picha za watu zaidi ya 3,000 ambao mgongo hauwaumi hata kidogo. Kwa wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa. Kwa wenye miaka 80, ni asilimia 96. Diski kuchakaa ni kama mvi: kila mwenye umri anazo, na hazimuumi. Mtaalamu anayemwambia mgonjwa kuwa pingili zake zimesagika bila kumweleza hayo, kwa maoni yangu, amemwongezea ugonjwa.

Diski inapouma kweli, ina tabia zake. Tabaka za nje zikichanika, ute wa ndani hutokeza na kugusa neva, karibu mara zote kwenye nafasi mbili za chini kabisa za kiuno. Maumivu hayakai kiunoni tena. Hushuka kalioni, nyuma ya paja, yakapita goti hadi unyayoni; ukikohoa au kupiga chafya yanakuchoma upya. Mlaze mgonjwa chali, umnyanyue mguu ukiwa umenyooka: kabla haujafika mbali atakuzuia. Hata huyu, wengi hupata nafuu ndani ya wiki sita hadi miezi mitatu bila kisu, kwa sababu mwili wenyewe hukifyonza kile kilichotokeza. Anachotakiwa ni kuendelea kutembea kadiri anavyoweza. Kulala kitandani wiki nzima, ushauri ambao bado unasikika, humdhoofisha misuli na kumchelewesha. Dawa za maumivu zitumike kwa siku chache tu: diklofenaki ya kila siku, ya kununua dukani bila kipimo, hutoboa tumbo na kuumiza figo. Na tuache mazoea ya kila kiuno kuitwa UTI na kupewa antibaiotiki. Maambukizi ya mkojo yana dalili zake, na hayaanzi kwa sababu mtu kainua gunia.

Zipo dalili zisizongoja kesho. Ganzi ya sehemu za siri na mapaja kwa ndani, pale panapogusana na tandiko la baiskeli, mkojo kugoma kutoka au kutoka wenyewe, na miguu yote miwili kulegea: hizo ni neva za mkia wa farasi zinabanwa, na rufaa ni siku hiyo hiyo. Aliyeanguka kutoka mwembeni, juu ya paa au kwenye bodaboda, akasema shingo au mgongo unamuuma, asiketishwe wala asipakatwe katikati ya watu wawili kwenye pikipiki. Alazwe juu ya ubao au mlango uliong'olewa, kichwa, kifua na nyonga vigeuzwe kwa pamoja na watu watatu au wanne, afungwe asitikisike. Pingili iliyovunjika huenda haijagusa ugwe bado. Safari mbaya ndiyo huumalizia.

Juu ya mgongo wazi, yaani mtoto kuzaliwa uti wake wa mgongo haujajifunga, niseme moja tu, kwa wanaopanga kuzaa. Mfereji wa neva wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutunga, kabla mama wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Vidonge vya foliki asidi vinavyoanzwa siku ya kwanza ya kliniki vimechelewa kwa hilo, vinatakiwa kabla. Unga wa kiwandani uliorutubishwa husaidia, lakini wengi wetu tunakula muhogo na mahindi yaliyosagwa kwenye mashine ya jirani, ambako hakuna kilichoongezwa.

Sasa yule wa kumi. Mara nyingi mno katika nchi zetu jina la ugonjwa wake ni kifua kikuu, yaani TB. Mwaka 1779 Percivall Pott, daktari wa upasuaji wa London, aliandika juu ya wagonjwa wenye kibiongo waliopooza miguu, na ugonjwa ukabaki na jina lake. Kimelea chenyewe kiligunduliwa na Robert Koch mwaka 1882. Kimelea hicho husafiri kwa damu kutoka mapafuni, hutua kwenye pingili, na hula sehemu ya mbele. Kisha huivuka diski na kuingia pingili ya jirani. Mbele pakishaliwa, pingili hizo mbili huporomoka, mgongo hupinda, nundu huchomoza nyuma. Usaha hujikusanya pembeni au ndani ya ule mfereji usio na nafasi.

Kinachowapotosha watu ni kwamba mgonjwa huenda hakohoi kabisa. Makohozi yakipimwa hayana kitu, na watu wanasema TB haipo. Eksirei ya mapema nayo yaweza kuonekana safi, kwa kuwa mfupa mwingi lazima uwe umeliwa kabla picha haijaonesha. Kwa hiyo sikiliza historia. Maumivu ya jembe hupungua ukilala na hutulia ndani ya wiki chache. Ya TB huongezeka mwezi hadi mwezi na huamsha mtu usiku. Homa ya jioni, jasho linalolowesha shuka na nguo kupwaya ni dalili za kuongozana nayo. Mwenye virusi vya Ukimwi yuko hatarini zaidi, na vivyo hivyo anayelala kwenye chumba kimoja na wengi, dirisha likiwa dogo, iwe kijijini au kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu.

Halafu tumia kidole. Mlaze kifudifudi, shuka pingili moja moja ukigonga taratibu. Mgongo wa kazi huuma pembeni, kwenye misuli, eneo la upana wa kiganja. Wa TB huuma mahali pamoja, juu ya mfupa wenyewe, na huenda ukagusa pingili moja iliyotokeza kuliko wenzake. Kwa mtoto, angusha sarafu sakafuni umwambie aokote. Mwenye ugonjwa hainami: huchuchumaa mgongo ukiwa umenyooka kama ubao, mkono mmoja kwenye paja, anaokota, anajisukuma juu.

Brusela, ugonjwa unaofanya ng'ombe na mbuzi watupe mimba, nao hushika pingili za kiuno na kuleta homa inayokuja na kuondoka. Maziwa mabichi ndiyo njia yake kuu. Yachemshwe.

TB ya mgongo inatibika kwa vidonge vile vile vya TB ya mapafu, ila dozi ni ndefu zaidi na yaweza kufika mwaka mzima. Hutolewa bure. Wengi hawahitaji upasuaji endapo wameanza kabla miguu haijalegea. Wanaouhitaji hupelekwa Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kasulu, safari ambayo familia nyingi huuza shamba ili kuimudu. Basi kama mgongo wako, wa mzazi wako au wa mtoto umeuma zaidi ya wiki sita na mwili unakonda, usikubali diklofenaki nyingine. Nenda hospitali ya wilaya, useme wazi kwamba unataka uchunguzwe TB ya mgongo, na ukiambiwa kuwa hukohoi, jibu kwamba unajua.