Darubini ya Kupigia Picha Sayari na Galaksi: Ipi Inunuliwe?



Mwezi Novemba mwaka 2022 Uganda ilipeleka angani setilaiti yake ya kwanza, PearlAfricaSat-1, na Aprili mwaka uliofuata Kenya nayo ikapeleka Taifa-1. Setilaiti hizo ziliundwa ili ziitazame ardhi kutoka juu. Mazungumzo yetu ya leo yahusu safari ya upande wa pili, yaani kuitazama mbingu kutoka ardhini na kuipiga picha. Kazi hiyo sasa imo katika uwezo wa mtu wa mshahara, lakini ni mshahara wa miezi mingi, na mwenye kununua chombo kisichofaa harudishiwi fedha zake.

Kosa la kwanza huanzia dukani. Juu ya maboksi ya darubini za bei nafuu huandikwa kwa herufi kubwa kwamba chombo hukuza mara 500 na zaidi. Askari aliyewahi kukesha lindoni na darubini ya macho mawili yenye alama 7x50 anajua kwamba tarakimu ya kwanza ni ukuzaji, na ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Katika giza ni ile 50 inayomsaidia, kwa maana ndiyo inayokusanya nuru. Sheria hiyo haibadiliki kwa darubini kubwa. Ukuzaji wenye manufaa hauzidi mara 2 hivi kwa kila milimita ya kipenyo. Kwa hiyo darubini yenye lenzi ya milimita 60 haina haki ya kujisifu zaidi ya mara 120. Zaidi ya hapo mtu hukuza ukungu.

Hata hivyo, jambo zito zaidi halimo katika tarakimu hizo. Yampasa mnunuzi aamue kwanza atapiga picha ya nini, kwa sababu sayari na galaksi hazidai chombo kimoja.

Tuuchukue mwezi kuwa kipimo chetu. Galaksi ya Andromeda, ambayo nuru yake husafiri miaka milioni 2.5 kabla ya kutufikia, ni hafifu mno. Lakini katika anga imetanda kwa upana wa miezi 6 iliyopangwa kwa mstari. Mshtarii, ambayo ni sayari kubwa kupita zote, ing'aayo hata juu ya taa za mji, ina upana wa sehemu ya 40 tu ya mwezi. Sasa chukua darubini ambayo masafa yake ya fokasi, yaani umbali kutoka lenzi hadi mahali taswira inapokusanyika, ni milimita 1,000. Humo Mshtarii itachora duara la sehemu ya 5 ya milimita moja, ilhali Andromeda itachora picha ya zaidi ya milimita 50. Bamba linalopokea nuru katika kamera nyingi za kawaida lina upana wa milimita 23 hivi. Chombo hicho kimoja, basi, ni kifupi mno kwa sayari na kirefu mno kwa galaksi hiyo.

Kwa sayari hutakiwa masafa ya milimita 2,000, tena yaongezwe maradufu kwa lenzi ya ziada. Darubini zinazounganisha kioo na lenzi ndani ya bomba fupi, zenye kipenyo cha milimita 150 hadi 200, zinafaa sana kwa kazi hiyo. Picha yenyewe haipigwi mara moja. Kamera ndogo hurekodi maelfu ya picha kwa dakika chache, kisha kompyuta huchagua zile zilizopatikana hewa ilipotulia na kuzijumlisha. Dakika hizo hazipaswi kuwa nyingi, kwani Mshtarii hujizungusha kwa saa zisizotimia 10, na alama za usoni mwake huhama upesi.

Katika kazi hii sisi tuishio karibu na ikweta tumependelewa. Mwaka 2019 Mshtarii, hata ilipofika juu kabisa katika anga ya London, haikupita nyuzi 16 hivi kutoka upeo wa macho, ikawa inaonekana kupitia hewa nzito yenye kutetemeka. Mwaka huo huo mtu wa Kampala aliiona ikipanda zaidi ya nyuzi 65.

Kwa galaksi mambo ni mengine. Andromeda yataka masafa mafupi, milimita 400 hivi, na darubini ndogo ya lenzi bora yenye kipenyo cha milimita 60 hadi 80 yatosha. Galaksi nyingine nyingi ni ndogo zaidi na hudai masafa marefu kuliko hayo, lakini hizo si za kuanzia. Kinachogharimu hapa ni egemeo, yaani chombo kinachokaa juu ya miguu mitatu na kuibeba darubini. Dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa, na picha ya galaksi hukusanywa kwa dakika nyingi, hata saa kadhaa. Kwa hiyo egemeo halina budi kuifuata nyota bila kutetereka. Aliyewahi kufyatua kombora kutoka kitako kilichokaa juu ya udongo laini hahitaji kuelezwa zaidi.

Na hapa ndipo upendeleo wa ikweta unapogeuka kuwa taabu. Mhimili wa egemeo la namna hiyo lazima ulale sambamba na mhimili wa dunia. Ulaya huinuliwa kuelekea nyota ya kaskazini. Pale Kayabwe, barabara ya Masaka, ambapo mstari wa ikweta hukata njia, mhimili huo hulala tambarare kabisa, nayo nyota ya kaskazini imezama katika vumbi la upeo wa macho. Maegemeo mengi yametengenezwa kwa nchi za mbali na ikweta: hayawezi kushuka kiasi hicho, au yakishuka, uzito wa kusawazisha hugonga miguu. Muuzaji aulizwe latitudo ya chini kabisa ambayo egemeo lake hufika, naye ajibu kwa maandishi. Kwa sayari swali hilo si la lazima. Egemeo la injini linalokwenda juu na chini, kushoto na kulia, linatosha.

Maoni yangu ni kwamba aliye mjini aanze na sayari, maana taa za barabarani haziziharibu. Aliyepangiwa Moroto au Kaabong, ambako giza bado ni giza, anunue ile ndogo ya galaksi. Usiku wa Januari, wakati wa kiangazi, anaweza kuipata Andromeda upande wa kaskazini na Wingu Kubwa la Magellan upande wa kusini kabla ya saa 3 za usiku, jambo ambalo mtu wa London hajaliwi kamwe akiwa kwao.

Chombo kikishanunuliwa, kihifadhiwe pamoja na vifuko vya dawa inyonyayo unyevu, kwani kuvu huila lenzi katika mvua zetu. Kisielekezwe kwenye jua hata kwa nukta moja bila kichujio maalumu mbele ya bomba; jicho likiungua hapo haliponi.

Aidha, mwenye darubini na amwarifu mkuu wa kambi au kituo cha polisi kilicho karibu kabla ya kupanda kilimani. Nanyi mlio doria, mkimkuta raia saa 8 za usiku amekaa karibu na bomba lililoelekezwa juu na taa nyekundu kichwani, mwulizeni kwanza anapiga picha ya nini. Taa nyekundu ni ya kulinda macho yake yaliyokwisha kuzoea giza. Kwa hiyo tochi zenu zielekezeni chini.