Moto: Neno Moja, Koo Nyingi

Mswahili wa Dar es Salaam akishuka Kinshasa atasikia neno "moto" kila kona, na mara nyingi hakuna kinachoungua. Katika Kilingala, moto ni mtu. Wakiwa wengi ni bato. Herufi hizohizo zikitamkwa kwa sauti inayopanda mwishoni, motó, ni kichwa, na vichwa ni mitó. Moto wa kuwaka nao upo, ila irabu zake hutamkwa kinywa kikiwa wazi zaidi, na sauti huanzia juu kisha hushuka. Kilingala ni lugha ya toni. Kiswahili kiliacha toni kitambo, kikabaki na mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana sikio letu huyachukua maneno hayo matatu na kuyafanya moja. Juu yake kuna moto nyingine iliyokuja na Kifaransa, yaani pikipiki. Hiyo imefika hadi Goma, Bukavu na Kigali, ambako anayebeba abiria kwa pikipiki huitwa motari.

Twende mbali zaidi. Kwa Mjapani, moto ni shina au chanzo, mahali kitu kinapoanzia. Neno hilo limo katika majina mengi ya ukoo: yama ni mlima, na Yamamoto ni penye shina la mlima. Kwa Mwitaliano, moto ni mwendo, na siku hizi pia ni pikipiki.

Je, maneno haya ni ndugu? Wanaisimu hujibu swali hilo kwa kutenganisha njia tatu zinazoweza kuzikutanisha lugha mbili kwenye neno moja. Huenda zimelirithi kutoka kwa mama mmoja. Huenda moja imelikopa kwa nyingine. Au zimegongana tu kwa bahati. "Moto" ni mfano ninaoupenda kwa sababu njia zote tatu zimo ndani yake.

Tuanze na moto wetu. Watu wanaposogea jikoni wakati wa baridi husema wanaota moto, na kitenzi hicho, ota, ndicho kilichozaa jina lenyewe. Kama enda inavyotoa mwendo na cheza inavyotoa mchezo, ota imetoa moto: kiambishi cha ngeli mwanzoni, o mwishoni. Kiambishi chenyewe kilikuwa mu, na kilipokutana na irabu o kikamezwa, ikabaki mo. Ushahidi uko kwenye wingi: moto, mioto, moyo, mioyo. Ukivuka hadi Zimbabwe, Mshona naye huuita moto, na Malawi vilevile. Hapo tuna urithi, neno la kale la Kibantu lililotembea na watu wake.

Na ule moto wa Kilingala ulio mtu? Huo ni "mtu" wetu kwa vazi lingine. Waganda husema omuntu, Wanyarwanda na Wazulu umuntu. Kiswahili na Kilingala zote mbili ziliidondosha n. Kisha Kiswahili kikabana kiambishi kikawa m tupu, Kilingala kikakifanya mo. Motó ya kichwa nayo ina jamaa zake: umutwe wa Kinyarwanda, omutwe wa Kiganda, na kitwa cha Kiamu, ambacho Unguja kimekuwa kichwa.

Msomaji ana haki ya kuuliza kama huku si kulazimisha mambo. Anayesema mtu na moto ni neno moja ana tofauti gani na anayesema Yamamoto alitoka Bagamoyo? Tofauti ni kanuni. Panapokuwa na m na wa kwetu, Kilingala huweka mo na ba: mtu na watu ni moto na bato. Panapokuwa na ji ya umoja kwetu, wao huweka li: jino letu ni lino lao, jicho letu ni liso lao. Mambo haya hujirudia neno baada ya neno. Mwaka 1899 Mjerumani Carl Meinhof alichapa kitabu kilicholinganisha sauti za lugha za Kibantu kwa njia hiyo, na kati ya 1967 na 1971 Mwingereza Malcolm Guthrie akatoa juzuu nne za ulinganishi mpana zaidi. Kazi zao zimesahihishwa hapa na pale, lakini msingi haujatikisika: undugu wa lugha huonekana kwenye sauti zinazolingana kwa utaratibu, hata pale maneno yenyewe yasipofanana kwa sikio.

Moto ya pikipiki ina ukoo wake mbali kabisa. Ilitoka kwenye kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kusogeza. Waitaliano waliirithi kama mwendo. Wafaransa waliunda motocyclette, wakaifupisha kuwa moto, na Wakongo wakaikopa. Kiswahili nacho kilikopa kutoka tawi hilohilo kupitia Kiingereza, kikapata motokaa. Hapa wengi huteleza. Motokaa inaonekana kama moto na kaa, na injini kweli huunguza mafuta, basi maelezo yanakubalika upesi. Lakini kaa la moto halimo humo hata kidogo. Ni jina la Kiingereza la gari lililotiwa irabu zetu.

Inabaki Japani, na huko hakuna urithi wala mkopo. Kuna hesabu. Kijapani na Kiswahili zina irabu tano kila moja, na zote hupenda silabi ya konsonanti moja na irabu moja. Chukua lugha yenye konsonanti 15 na irabu 5: itapata silabi 75 za namna hiyo, na maneno ya silabi mbili yasiyozidi 5,625. Lugha mbili zinazochota kwenye kapu dogo kiasi hicho lazima zitashika vitu vilevile. Kwa Mjapani kasa ni mwavuli, hana ni ua, kama ni mundu. Hakuna safari ya kale ya kutafuta hapo.

Bahati huweza hata kuleta maana ileile. Huko Queensland, Australia, mwanaisimu R. M. W. Dixon alikuta lugha ya Kimbabaram ikimwita mbwa "dog", sawasawa na Kiingereza. Alipoilinganisha na lugha jirani aliona umbo la kale lilikuwa gudaga, likakatwa polepole hadi likafika hapo. Waingereza hawakuhusika.

Nayasema haya kwa uzito kwa sababu Kiswahili kimeonewa sana na ushahidi wa neno mojamoja. Wapo wanaokiita tawi la Kiarabu kwa kuwa kina kitabu, habari na dunia. Hayo ni mikopo, yamo na yanatupendeza. Lakini mtu, jino, jicho na moto havikukopwa, na ngeli zinazopatanisha sentensi nzima hazikukopwa. Wengine hutupeleka mbali zaidi kwa jozi mbili tatu za maneno yanayofanana, na ujumbe husambaa kwenye simu kabla hujamaliza kuusoma.

Ukiletewa dai la namna hiyo, mwombe mleta dai maneno kumi ya msingi, ya namba, viungo vya mwili, maji na moto, na akuonyeshe sauti zinazolingana humo kwa kanuni moja. Akishindwa, usilisambaze.