Anayeruka kutoka kwenye genge hufika umbali gani kabla ya kufungua mwavuli?

Huenda na wewe umetumiwa ile video kwenye simu. Mtu amesimama ukingoni mwa genge refu, mwamba umekatika wima kama ukuta wa nyumba. Anahesabu tatu, mbili, moja, anaruka. Badala ya kudondoka chini kama jiwe, anaanza kwenda mbele, mwili umenyooka, mikono imebanwa nyuma, mpaka genge linabaki mbali. Ndipo mwavuli unafunguka, naye anatua taratibu kwenye majani.

Wasikilizaji wetu kadhaa wameuliza swali lile lile: hiyo ni kweli au ni ujanja wa kompyuta? Na kama ni kweli, mtu asiye na mabawa anawezaje kwenda mbele akiwa anaanguka, na anafika umbali gani? Kwenye kipindi tulijibu kwa ufupi. Hapa tunaeleza kwa kirefu, pamoja na hesabu zake.

Jibu fupi ni kwamba ni kweli. Kutoka kwenye genge la mita 1,000, mtu aliyevaa nguo za kawaida na anayejua kazi yake anaweza kwenda mbele mita 400 na zaidi kabla ya kufungua mwavuli. Kutoka kwenye genge la mita 120, hatafika popote: mita 10 tu hivi. Tofauti hiyo kubwa ndiyo inayookoa watu wengine na kuua wengine.

Mchezo wenyewe

Mchezo huu unaitwa BASE. Ni herufi nne za Kiingereza zinazosimama badala ya vitu vinne ambavyo watu huruka kutoka juu yake: jengo, mnara wa antena, daraja na ardhi yenyewe, yaani genge au mlima. Aliyeupa mchezo jina hilo pamoja na wenzake, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ni Mmarekani Carl Boenish. Alikuwa mpiga picha za filamu. Mwaka 1978 aliwapiga picha watu wakiruka kutoka mwamba wa El Capitan huko California, wenye urefu wa mita 900 hivi, na filamu hizo ndizo zilizoutangaza mchezo duniani.

Boenish alifariki mwaka 1984 nchini Norway, siku chache tu baada ya yeye na mkewe Jean kuruka salama kutoka Trollveggen, ukuta wa mwamba wenye zaidi ya mita 1,000. Alirudi kuruka tena kutoka sehemu nyingine ya mlima ule ule, akagonga mwamba. Mwaka 1986 serikali ya Norway ilipiga marufuku kuruka kutoka Trollveggen, na marufuku hiyo ipo mpaka leo. Lakini katika nchi hiyo hiyo, genge la Kjerag, ambalo nalo lina karibu mita 1,000 juu ya maji ya Lysefjord, linaruhusiwa. Watu hutua kando ya maji na kuchukuliwa kwa boti.

Kwa hiyo tunapozungumzia umbali, tunazungumzia hasa ule kati ya mtu na ukuta wa mwamba.

Sekunde za mwanzo hazina msaada

Wengi wetu tumewahi kudondosha jiwe kisimani na kuhesabu mpaka tusikie sauti ya maji. Warukaji nao hufanya hivyo hivyo. Kabla ya kuruka genge wasilolijua, hudondosha jiwe na kuhesabu sekunde mpaka ligonge kitu. Siku hizi wengi wana kipimo cha leza kinachowapa urefu kamili, lakini hesabu ya jiwe bado inafundishwa.

Mtu anapoanguka, sekunde ya kwanza hushuka mita 5 hivi tu. Baada ya sekunde 2 ameshuka mita 19. Baada ya sekunde 3, mita 42. Baada ya sekunde 6, zaidi ya mita 150. Kila sekunde mwendo unaongezeka, mpaka kufikia sekunde ya 12 hivi. Hapo hewa inamsukuma kwa nguvu sawa na uzito wake, na mwendo hauzidi tena. Kwa mtu aliyelala kifudifudi huo ni kama kilomita 190 kwa saa, kasi ambayo basi la mikoani halithubutu.

Sasa angalia jambo moja. Ili mwili uweze kuelea kwenda mbele, unahitaji upepo wa kuuegemea. Toa mkono nje ya dirisha la gari linalotembea polepole, hutahisi kitu. Gari likikimbia, ukiinamisha kiganja kidogo, mkono unapandishwa au kushushwa wenyewe. Mwili wa mrukaji ni hivyo hivyo. Katika sekunde mbili tatu za mwanzo bado hana kasi, kwa hiyo hana upepo. Kinachompeleka mbele ni ule msukumo wa miguu tu alipoondoka ukingoni, mita 2 au 3 kwa kila sekunde.

Ndiyo maana mrukaji mzuri hajiangushi. Anajisukuma kwa nguvu, kifua kikiwa juu. Akiinamisha kichwa mapema, anashuka wima kandokando ya mwamba. Akilalia mgongo, ni hatari zaidi.

Namna ya kuteleza hewani

Kasi ikishapatikana, mrukaji anabadili umbo. Miguu inanyooka na kubanwa kiasi, vidole vya miguu vinaelekezwa nyuma. Mikono inarudishwa nyuma kando ya mapaja, viganja vikitazama chini. Mabega yanasukumwa mbele na chini, kifua kinaingia ndani kidogo, mgongo unapinda kama mfuniko wa sufuria. Kichwa kinakuwa chini kidogo kuliko miguu.

Kwa umbo hilo, hewa inayotoka chini inapigwa na mwili na kutupwa nyuma. Hewa ikitupwa nyuma, mwili unasukumwa mbele. Mwewe anayeshuka juu ya shamba bila kupiga mabawa anafuata kanuni hiyo hiyo, ila yeye ana mabawa mapana na mwili mwepesi. Binadamu ni mzito na hana bawa, kwa hiyo anapata sehemu ndogo tu ya kile anachopata mwewe.

Warukaji hupima kwa uwiano: kwa kila mita moja niliyoshuka, nimekwenda mbele kiasi gani? Makadirio ni haya:

- Mwenye nguo za kawaida, suruali na koti: nusu mita hivi, au zaidi kidogo. Hodari kabisa hukaribia mita moja.
- Mwenye suti maalumu ya kuteleza, inayojaa hewa kwenye miguu na mikono: mita moja mpaka moja na nusu.
- Mwenye suti ya mabawa, ile yenye kitambaa kati ya mikono na kiwiliwili na kati ya miguu: mita mbili na nusu, na wataalamu hufikia tatu.

Suti ya mabawa ni mchezo wa pembeni na ina hatari zake. Tunaitaja ili usichanganye video. Ukiona kitambaa kama bawa la popo, huyo si wa nguo za kawaida.

Tufanye hesabu

Chukua kalamu. Genge letu lina mita 1,000.

Kwanza ondoa mita 150 za juu. Hizo ndizo sekunde 6 za mwanzo, ambazo mtu anatafuta kasi. Humo atakwenda mbele mita 40 hivi.

Kisha ondoa mita 150 za chini. Hapo lazima mwavuli ufunguliwe, ushike hewa, na mtu apate nafasi ya kuchagua pa kutua.

Zinabaki mita 700 za kuteleza. Mwenye nguo za kawaida akipata mita 0.6 kwa kila mita moja, ni mita 420. Jumlisha zile 40, unapata 460. Hiyo ni zaidi ya viwanja vinne vya mpira vilivyopangwa kwa urefu. Mwenye suti ya kuteleza, kwa uwiano wa 1.2, anapata mita 880. Mwenye suti ya mabawa, kwa uwiano wa 2.5, anakaribia kilomita 1.8.

Sasa chukua genge la mita 300. Ondoa 150 za juu, ondoa 150 za chini. Imebaki sifuri. Yaani mtu yule yule, hodari yule yule, anapata zile mita 40 za mwanzo na basi. Genge limepungua mara tatu, lakini umbali umepungua zaidi ya mara kumi. Kwa genge la mita 120, mwavuli unafunguliwa baada ya sekunde mbili au tatu, na mtu yupo mita kama 10 tu kutoka ukutani.

Hapa ndipo wengi hukosea. Wanaona video ya Norway, wanadhani umbali ule unapatikana popote. Mbali ya ujuzi, umbali unanunuliwa kwa urefu wa genge.

Kwa nini umbali ni uhai

Mwavuli wa mchezo huu ni wa umbo la bawa, si la uyoga kama ile ya zamani ya wanajeshi. Ukishafunguka unakwenda mbele wenyewe, mita 8 hadi 10 kwa sekunde. Kwa kawaida unafunguka ukiwa umeelekea mbali na mwamba. Lakini mara nyingine, kwa sababu bega moja lilikuwa chini au upepo ulisukuma upande, unafunguka umegeuka na kuelekea ukutani.

Ikiwa mtu yupo mita 15 kutoka kwenye mwamba, ana muda usiofika sekunde mbili kushika kamba na kuugeuza. Ikiwa yupo mita 200, ana sekunde 20. Kugonga mwamba ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo katika mchezo huu. Na warukaji wa BASE kwa kawaida hubeba mwavuli mmoja tu, hakuna wa akiba, kwa sababu kimo hakitoshi kuujaribu wa pili.

Kuna jambo lingine. Magenge mengi hayako wima mpaka chini. Yana vidato na mporomoko wa mawe miguuni. Mrukaji anapaswa kuvipita kabla kimo chake hakijaisha. Ndiyo sababu ya kupima kwa leza: anataka kujua kidato kipo mita ngapi chini na kimetokeza mita ngapi mbele, kisha ajiulize kwa ukweli kama uwezo wake unatosha. Anayejidanganya hapo hapati nafasi ya kusahihisha.

Wakulima wa Lauterbrunnen

Wasikilizaji wetu wakulima watapenda habari hii. Nchini Uswisi kuna bonde linaloitwa Lauterbrunnen, lenye kuta za mwamba pande zote mbili na malisho ya kijani katikati. Warukaji wanatoka nchi nyingi kwenda huko. Lakini yale majani mazuri wanayotulia ni ya mtu: ni lishe ya ng'ombe, yanakatwa na kukaushwa kwa ajili ya majira ya baridi. Yakikanyagwa yakiwa marefu, mkulima amepata hasara.

Wakapatana. Mrukaji hununua kadi, na fedha zake huenda kwa wakulima wenye mashamba. Kutua kwenye majani marefu hakuruhusiwa. Pia kabla ya kuruka hupiga simu kwa watu wa helikopta, kwa sababu helikopta za uokoaji hupita bonde hilo hilo. Kwa hiyo hata mchezo unaoonekana wa vichaa una taratibu, na mwenye shamba ana sauti.

Kabla hujaweka simu mfukoni

Tuna sababu ya kuandika haya. Watoto wetu wanaona video hizi kabla yetu. Tunajua wapo wanaopanda juu ya mwembe au paa na mwavuli wa mvua, au kanga mbili zilizofungwa pembe, wakidhani watateleza.

Waonyeshe hesabu. Mwavuli wa mrukaji una ukubwa wa mita za mraba 20 na zaidi, sawa na kanga 12 au zaidi zilizoshonwa pamoja, na umetengenezwa kwa kitambaa kisichopitisha hewa. Mwavuli wa mvua haufiki hata mita moja ya mraba. Na kutoka juu ya mti wa mita 5, safari yote inakwisha kwa sekunde moja. Katika sekunde hiyo hakuna hewa ya kumsaidia mtu yeyote, awe mtoto au bingwa wa Kjerag.

Wale unaowaona kwenye video hawakuanzia gengeni. Wakufunzi wengi hutaka mtu awe ameruka kutoka kwenye ndege mara 200 hivi, akiwa na mwavuli wa akiba na kimo cha kutosha cha kukosea na kujirekebisha, ndipo wamfundishe kuruka kutoka kwenye kitu kilichosimama. Hata hivyo, kila mwaka wapo wasiorudi nyumbani.

Ukiwa na swali jingine kuhusu jambo uliloliona kwenye simu na hukulielewa, tutumie kwa ujumbe mfupi au sauti kama kawaida. Tutalichunguza, kisha tutalijibu hewani na hapa.