Kifungo cha nje kisigeuzwe kifungo cha simu

Wazo la kumruhusu mtu aliyepewa kifungo cha nje aripoti kwa afisa wake kwa njia ya simu, badala ya kufunga safari hadi ofisini, ni wazo jema. Hata hivyo, wema wake unategemea swali moja ambalo aghalabu husahauliwa: katika upande wa pili wa simu hiyo, ni nani anayesikiliza?

Kwa manufaa ya wanafunzi, yafaa tueleze kwanza maana ya kifungo hicho. Chini ya Sheria ya Probesheni, Sura ya 64 ya Sheria za Kenya, mahakama yaweza kuamua kutompeleka mkosaji gerezani, ikamweka chini ya uangalizi wa afisa wa probesheni kwa muda usiopungua miezi sita na usiozidi miaka mitatu. Mwaka 1998 iliongezwa sheria ya huduma kwa jamii, ambayo kwayo mkosaji hufanya kazi za umma bila malipo. Jirani zetu wa Tanzania nao wana utaratibu wa parole uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1994, unaomwezesha mfungwa kumalizia sehemu ya kifungo chake akiwa nyumbani. Katika yote haya mhusika hana budi kuonekana mara kwa mara. Asipoonekana, aweza kurudishwa mbele ya hakimu na kuadhibiwa kwa kosa lile lile la awali.

Sasa na tukitazame kisiwa cha Funzi, kusini mwa Msambweni katika Kaunti ya Kwale. Mkaazi wa huko anayetakiwa kuripoti Msambweni sharti kwanza avuke kwa mashua hadi Bodo, kisha atafute njia ya kufika barabara kuu ya Likoni kwenda Lunga Lunga, ndipo apande matatu. Atalipa nauli ya bahari na nauli ya nchi kavu, kwenda na kurudi. Ikiwa ni mvuvi, siku hiyo hakuvua. Isitoshe, safari yake hutegemea kujaa na kutoka kwa maji, na msimu wa kusi ukishika bahari huchafuka. Afisa ofisini huangalia kalenda ya ukutani, ilhali mvuvi huangalia kalenda ya mwezi na upepo.

Wapo watakaodai kuwa adha hiyo ni sehemu ya adhabu. Hoja hii haina mashiko. Mkosaji anayeishi Msambweni mjini hutembea dakika chache tu na kurudi kazini kwake. Makosa yao yakiwa sawa na amri ya mahakama ikiwa moja, kwa nini bahari imwongezee mmoja wao adhabu ambayo hakimu hakuitamka? Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 chasema kuwa watu wote ni sawa mbele ya sheria.

Kwa hiyo simu yaweza kuleta haki. Tena si jambo geni. Ugonjwa wa korona ulipoingia nchini mwaka 2020, mahakama zetu zilianza kusikiliza kesi kwa njia ya video, na kule Uingereza maafisa wa probesheni walilazimika kuwapigia simu watu ambao awali walikuwa wakionana nao ana kwa ana. Kazi haikusimama.

Ila tujihadhari. Kuna simu ya kuzungumza na mtu, na kuna simu ya kujibu mashine. Katika nchi kadhaa, hasa Marekani, kumezuka programu zinazomtaka mhusika aonyeshe uso mbele ya kamera, au aitikie maswali yaliyorekodiwa, kisha kompyuta iamue kama ni yeye na kama yuko anapopaswa kuwa. Hapo ndipo mimi, mwalimu wa isimu, ninapoingiwa na wasiwasi.

Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walichapisha matokeo ya kupima programu za kutambua jinsia ya mtu kwa kumtazama uso. Kwa wanaume weupe makosa hayakufika 1 katika kila 100. Kwa wanawake weusi, programu moja ilikosea karibu mara 35 katika kila 100. Mwaka 2020 watafiti wengine walipima mitambo ya kampuni tano kubwa inayogeuza sauti kuwa maandishi. Wamarekani weusi walipozungumza, mitambo ilikosea wastani wa maneno 35 katika kila 100, na Wamarekani weupe walipozungumza, 19. Lugha iliyotumika ni Kiingereza, ambacho mitambo hiyo imelishwa kuliko lugha nyingine yoyote.

Je, itakuwaje kwa Chifundi? Lahaja hii ya Funzi na pwani iliyo jirani ina matamshi yake. Jina lake lenyewe latuonyesha kuwa penye ki- ya Kiswahili Sanifu, wao hutamka chi-. Usanifishaji ulioanza mwaka 1930 ulijengwa juu ya Kiunguja, na mashine ikifunzwa Kiswahili itafunzwa hicho cha vitabuni. Mzee wa Funzi atajibu kwa ufasaha wa kwao, nayo mashine itaandika kwamba hakujibu. Mwanadamu asiposikia vyema huuliza tena, lakini mashine huweza kuandika kosa na kuendelea. Kosa hilo laweza kumfikisha mtu gerezani.

Tukumbuke pia chimbuko la kazi hii. Mwaka 1841 fundi wa viatu wa Boston, John Augustus, alimdhamini mlevi mmoja mahakamani, akamsaidia kurekebika, kisha akaendelea kuwasaidia wengine. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1907 ilimpa afisa wa probesheni majukumu matatu juu ya mkosaji: kumshauri, kumsaidia na kuwa rafiki yake. Katika vitenzi hivyo vitatu hamna hata kimoja kinachoweza kutendwa na mashine. Kujua mtu yuko wapi si sawa na kujua yu hali gani. Afisa mzoefu husikia katika kusita kwa sauti kwamba nyumbani hakuna chakula, au kwamba marafiki wa zamani wamerejea.

Lugha yetu nayo inatuonya. Tunasema "kifungo cha nje", maneno mawili yanayovutana: kifungo hutokana na kufunga, na nje ni uhuru. Tangu mwaka 1983, hakimu wa Albuquerque huko Marekani alipoamuru mkosaji avishwe kifaa cha kielektroniki mguuni, teknolojia imekuwa ikilivuta neno la kwanza. Simu inayomfuatilia mtu usiku na mchana italiua neno la pili.

Ninapendekeza mambo manne. Mosi, wakaazi wa visiwani waruhusiwe kuripoti kwa simu, na gharama iwe juu ya serikali. Pili, anayepokea awe afisa anayemfahamu mhusika na anayeielewa lugha yake. Katiba, Kifungu cha 50, yamtaka mshtakiwa aelezwe mambo kwa lugha anayoielewa, na haki hiyo isikome mlangoni mwa mahakama. Tatu, afisa naye avuke bahari mara kwa mara, akisaidiwa na maafisa wa kujitolea wanaoishi na majirani zao. Nne, mtu asirudishwe mahakamani kwa neno la mashine pekee.

Walimu wenzangu, mada hii yafaa kujadiliwa darasani, katika somo la lugha na hata la uraia. Waulizeni wanafunzi tofauti ya kuhesabiwa na kusikilizwa. Mtu wa Funzi aliyekosa na akapewa nafasi ya pili ana deni la kusema kweli kuhusu maisha yake. Nasi tuliompa nafasi hiyo tuna deni la kumweka mwanadamu wa kumsikiliza.