Motivasio ya mwalimu mwanafunzi iko wapi?

Kila anayefuata agregasio katika fakulte yetu anaijua fishi ya matayarisho. Juu kuna jina la shule, darasa, tarehe na kichwa cha somo. Chini yake hatua zinafuatana: ukumbusho, motivasio, tangazo la somo, uchambuzi, muhtasari, mazoezi. Kwenye mstari wa motivasio tunaandika swali moja au mawili ya kuamsha hamu ya wanafunzi. Mwaka huu nimeujaza mstari huo mara nyingi. Siku moja, katika wiki ya pili ya stazi, nilijiuliza: na motivasio yangu mimi, nani anaiandika?

Sikuuliza kwa mzaha. Tulianza stazi watu watano katika shule moja ya sekondari hapa Lubumbashi. Sasa tumebaki watatu. Waliotuacha hawakuwa wavivu. Mmoja alipata kazi ya kuuza simu, mwingine alikosa nauli na ada. Mimi mwenyewe nilikaribia kuwa wa tatu. Kwa hiyo nataka kueleza motivasio ni kitu gani, na kwa nini sikuondoka.

Tuanze na neno lenyewe. Limetoka katika Kifaransa, na mzizi wake wa mbali ni kitenzi cha Kilatini movere, yaani kusogeza. Mjini kwetu lina maana tatu. Kwa mwalimu ni hatua ya somo. Kwa wazazi ni fedha: mwanzoni mwa miaka ya 1990, mishahara ya walimu ilipopotea na migomo ikazidi, wazazi walianza kuchanga ili shule zisifungwe, na mchango huo ukaitwa « frais de motivation ». Tangu 2019 shule za msingi za Serikali zinatakiwa kuwa za bure, kama kifungu cha 43 cha Katiba kinavyosema, lakini neno limebaki midomoni. Maana ya tatu ni ile hamu inayomwamsha mtu asubuhi aende kazini hata kama hakuna anayemwona.

Mama yangu anaijua maana ya pili tu. Nilipomwambia kwamba naongeza agregasio juu ya lisansi, aliniuliza: « Balimu habalipwake, sasa weye unakimbilia nini kule? » Hakukosea. Sote tunawajua walimu wanaoitwa NU, waliopewa darasa lakini bado wanangoja kuingizwa katika orodha ya malipo. Kuna anayengoja miaka.

Katika saikolojia ya elimu tulisoma jaribio la Edward Deci, Mmarekani, lililochapishwa 1971. Wanafunzi wa chuo kikuu walipewa mafumbo ya kuunganisha vipande. Kundi moja lililipwa kwa kila fumbo lililotatuliwa. Malipo yalipokoma, hamu yao ya kucheza katika muda wa mapumziko ilipungua. Auditwari ilicheka. Sauti moja ikatoka nyuma: « Basi sisi wanatuchungia hamu yetu! » Kicheko kile kilikuwa na uchungu. Lakini jaribio lile lilihusu mchezo, si kazi ya kulisha watoto. Tusilichukue kama hoja ya kumnyima mwalimu haki yake. Mshahara ni mshahara, na hakuna ushauri wangu wowote hapa unaoshika nafasi yake.

Kinachotusaidia zaidi ni kile ambacho Deci na mwenzake Richard Ryan walikijenga baadaye. Wanasema hamu ya ndani inahitaji mambo matatu: mtu ajiamulie, aone kwamba anaiweza kazi yake, na awe na watu anaoshikamana nao. Nitayaonyesha kwa somo langu lililoanguka.

Nilipewa kufundisha passé composé kwa kitenzi être. Kwa kuogopa, nilinakili fishi ya mwanafunzi wa mwaka uliopita. Mstari wa motivasio uliuliza: nani amekwisha kusafiri kwa ndege? Mbele yangu walikuwa wanafunzi sitini. Hakuna mkono uliopanda. Kisha mvulana mmoja wa benchi la nyuma akauliza: « Na weye, Madamu, ulishapandaka? » Sijawahi. Darasa lilicheka mpaka kengele. Jioni ile niliiambia nafsi yangu kwamba mtu aliyesoma lugha za Kiafrika hana kazi katika somo la Kifaransa, na kwamba Mama alisema kweli.

Wenzangu wawili ndio waliokataa niende. Walinikalisha, tukaisoma fishi mstari kwa mstari. Mmoja aliuliza: hao watoto walifanya nini jana jioni umeme ulipokatika? Hilo likawa swali langu jipya. Siku iliyofuata mikono ilipanda kabla sijamaliza kuuliza. Je suis sorti. Je suis allée chez la voisine. Je suis resté dehors. Vitenzi nilivyovihitaji vilikuja vyenyewe. Alikuwepo pia aliyesema j'ai dormi, na hapo tofauti ya être na avoir ikajitokeza ubaoni bila mimi kuitangaza.

Wengi waliandika « j'ai parti ». Zamani ningeweka alama nyekundu tu. Safari hii nilielewa mtoto amefanya nini. Katika Kiswahili husema niliondoka, nililala, nilikula: alama ya wakati uliopita ni ile ile kwa vitenzi vyote, hakuna kuchagua kitenzi kisaidizi. Mtoto amefuata mantiki ya lugha anayoifikiria. Niliandika sentensi hizo mbili mbili ubaoni, za Kiswahili upande mmoja na za Kifaransa upande wa pili, na yule mvulana wa nyuma ndiye aliyeeleza tofauti kwa wenzake. Siku hiyo niliona kwamba miaka yangu ya isimu haikuwa bure. Hamu yangu ilianzia hapo, baada ya kazi kufanikiwa. Nilikuwa nikiingoja ije kwanza ndipo nifanye kazi.

Kwa hiyo, kwa anayeanza stazi, nina mambo matatu. Kwanza, usinakili mstari wa motivasio. Fishi nyingine ina umbo lililopangwa tayari, lakini swali lile ni lako; andika jambo unalotaka kweli kusikia wanafunzi wakilijibu. Pili, usijipime kwa somo zima. Baada ya kila kipindi andika kitu kimoja kilichofaulu na kimoja cha kurekebisha, hata kama mwalimu msimamizi amekupa makosa kumi. Tatu, usibaki peke yako na kosa lako.

Hili la tatu sarufi yetu inalijua vizuri. Tunasema kutiwa moyo, na hapo tunangoja mtu mwingine. Tunasema kujitia moyo, na vitabu vingi vya ushauri vinaishia hapo, kana kwamba mtu ni kisima kisichokauka. Lakini tuna pia kutiana moyo: kila mmoja anatia na anatiwa. Wiki ile sikuwa na cha kujitia. Wenzangu walikuwa nacho. Wiki iliyofuata ilikuwa zamu yangu kwa mmoja wao.

Wale wawili walioacha, hatukuwauliza mapema. Mmoja alitembea kwa miguu wiki nzima kabla hatujajua kwamba hana nauli. Tungeweza kuchanga. Hilo bado linaniuma.

Tangu hapo tunakutana kila Jumatano, baada ya somo la mwisho, nyuma ya maktaba. Anayetaka kujiunga aje na fishi yake. Alete ile iliyoanguka.