Je, Wajua? TACACS+, Itifaki Inayohoji Kila Amri

Kabalo ni mji wa njia panda ya reli ukingoni mwa mto Lualaba. Ruta iliyofungwa katika mji kama huo mara nyingi husimamiwa na fundi aliye mbali, anayeingia kwa mtandao. Itamjuaje? Na ikishamjua, imruhusu kufanya nini? Swali hili la pili ndilo linalosahaulika, na kwa maoni yangu ndilo linaloamua itifaki ya kuchagua. Itifaki ya RADIUS ilibuniwa mwaka 1991 kwa ajili ya wateja waliopiga simu ili kuunganishwa na mtandao. Hujibu utambulisho na ruhusa kwa mkupuo mmoja, kisha mtu yuko ndani. TACACS+, iliyotoka kampuni ya Cisco miaka miwili baadaye, hutenganisha mambo: huyu ni nani, ana ruhusa gani, amefanya nini. Ikipangwa vizuri, ruta huiuliza seva ya TACACS+ kabla ya kutekeleza kila amri. Fundi mwanagenzi ataruhusiwa kuangalia hali ya laini. Akijaribu kuizima atakataliwa. Pale ambapo amri moja ya kizembe hukata mawasiliano na kumlazimu mtu kusafiri hadi Kabalo kuyarudisha, tofauti hiyo si ndogo.

Watetezi wa RADIUS husema yao ni kiwango cha wazi, kinachokubalika kila mahali. Ni kweli, na kwa Wi-Fi ya wafanyakazi sina ubishi. Lakini TACACS+ nayo ilichapishwa wazi mwaka 2020, katika waraka wa RFC 8907. Pingamizi zito zaidi ni usalama: waraka huohuo unakiri kwamba ufichaji wake, unaotegemea MD5, hautoshi. RADIUS haina nafuu, maana kwa kawaida huficha nenosiri tu, na mwaka 2024 watafiti walionyesha shambulio la Blast-RADIUS, linalogeuza jibu la kukataa kuwa la kukubali. Yoyote utakayochagua, ipitishe ndani ya TLS au IPsec. Na kiungo kikikatika, seva isifikike? Weka ndani ya ruta akaunti moja ya dharura, inayokubalika tu seva isipojibu, yenye nenosiri lisilotumika kwenye kifaa kingine. Ila kama bado unaingia kwa Telnet, inayosafirisha nenosiri likiwa wazi, anza kwa kuizima na kuweka SSH; kabla ya hapo, kubishania itifaki ni kupoteza muda.